Kwa nini feki inapita posta, na mahali inapoweza kuzuiwa

Kutuma bidhaa feki kwa posta ya kimataifa ni marufuku, na hakuna nchi inayobisha. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, wenye nchi wanachama 192, Tanzania ikiwemo tangu 1963, unataja bidhaa bandia na kazi zilizonakiliwa bila idhini miongoni mwa vitu visivyotakiwa kuingia kwenye mfuko wa posta, sambamba na dawa za kulevya. Katazo hilo liliingizwa na Mkutano Mkuu wa 2008, ule uliopangwa kufanyika Nairobi ukahamishiwa Geneva kutokana na vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya. Huku kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaweka bidhaa bandia za aina zote kwenye jedwali la vitu vilivyopigwa marufuku kuingia nchini. Jedwali halisemi ziwe ngapi. Hata moja hairuhusiwi.

Sasa mfikirie mkazi wa Sinza anayenunua mtandaoni kadi ya kumbukumbu ya simu. Imeandikwa GB 512, jina la kampuni kubwa limechapwa vizuri, na bei yake ni theluthi ya bei ya dukani. Inafika ndani ya bahasha ndogo ikiwa imepita mikononi mwa posta mbili na forodha mbili. Anaanza kuhifadhi picha za mwanawe, na picha zikishazidi GB 8 zile za mwanzo zinapotea. Katazo lilikuwepo katika kila kituo ambacho bahasha ile ilipita. Nani basi alipaswa kuizuia, na kwa nini hakuweza?

Jibu la haraka ambalo watu wengi wa Dar es Salaam hulitoa ni kwamba kuna mtu amehongwa. Siwezi kusema rushwa haipo duniani. Lakini hata ukiweka pale dirishani malaika, sehemu kubwa ya feki zingepita tu, maana mfumo wenyewe umeweka uzito wa kuzuia upande wa anayepokea, wakati feki inazuilika kwa urahisi upande wa anayetuma. Hilo ndilo ninalotaka kulifafanua, na linahitaji kwanza tufuate kifurushi tangu kinapofungwa.

Kikaratasi kinachobeba kila kitu

Muuzaji wa Guangzhou au Shenzhen akipeleka pakiti ndogo posta, hujaza tamko la forodha. Kwa pakiti za kawaida zisizo na thamani kubwa ni kikaratasi kiitwacho CN 22. Kwa mizigo yenye thamani zaidi ni CN 23, kipana kidogo. Ndani yake mna visanduku vya kutia alama: zawadi, nyaraka, sampuli ya biashara, bidhaa iliyorudishwa, bidhaa iliyouzwa. Kisha maelezo ya kilichomo, idadi, uzito, thamani, nchi kilikotengenezwa, na msimbo wa HS unaotumiwa na forodha za dunia nzima kupanga bidhaa. Chini kabisa mtumaji anatia saini akithibitisha kwamba maelezo ni ya kweli na kwamba ndani hamna kitu kilichokatazwa na sheria au na kanuni za posta na forodha.

Tazama saini hiyo vizuri. Mtu anayetuma viatu feki anaulizwa kama anatuma kitu kilichokatazwa, na yeye mwenyewe ndiye anayejibu. Anaandika "zawadi", anaandika dola 5, anasaini. Tangu hapo hadi Dar es Salaam, kila anayekishika kifurushi anasoma maneno ya mtu huyo mmoja. Hata msimbo wa HS hausaidii kwa jambo hili: 6404.11 ni viatu vya michezo vyenye soli ya mpira au plastiki na sehemu ya juu ya kitambaa, na ni 6404.11 iwe vimetoka kiwandani kwa mwenye jina au vimeshonwa uchochoroni.

Namba ya kufuatilia nayo watu huiamini kupita kiasi. Ile namba yenye herufi mbili mwanzo, tarakimu tisa katikati na herufi mbili za nchi mwisho, kama RR473124829GB, inatengenezwa kwa kanuni ya kimataifa. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi: inakokotolewa kutoka zile nane zilizotangulia ili kompyuta ijue kama namba imekosewa kuandikwa. Inakuambia pakiti iko wapi. Kuhusu kilichomo ndani haisemi chochote, na muuzaji wa feki ana haki ileile ya kupewa namba hiyo kama muuzaji mwaminifu.

Posta haikujengwa kuhoji. Mwaka 1874, nchi zilipokutana Bern, Uswisi, zilikubaliana ziwe eneo moja la posta: barua iliyolipiwa stempu kwao mtumaji ipite nchi zote bila kuzuiwa wala kulipishwa tena njiani. Ni makubaliano mazuri sana, na ndiyo yaliyowezesha bibi wa Songea kupata barua ya mjukuu aliyeko Ujerumani. Lakini pakiti ndogo, ile isiyozidi kilo 2, katika mpangilio wa posta iko familia moja na barua, haiko na vifurushi vikubwa. Inasafiri kwenye mkondo wa barua, kwa wingi wa barua, na kwa mazoea ya barua. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Hakuna anayetaka karani wa posta asome barua za watu. Forodha ndiyo yenye mamlaka ya kufungua pakiti yenye bidhaa. Posta inabeba, forodha inakagua, na hakuna kati yao anayejua kwa uhakika kiatu halali cha kampuni fulani kina mshono wa aina gani.

Feki, duni, na kisichokuwa na kosa

Mazungumzo ya feki huharibika kwa sababu tunachanganya mambo matatu au manne, na kila moja lina mlinzi wake.

Bidhaa bandia, kwa maana ya sheria, ni ile iliyobandikwa alama ya biashara ya mtu mwingine bila ruhusa yake, au alama inayofanana nayo kiasi cha kumchanganya mnunuzi. Kosa liko kwenye jina. Kiatu chenyewe kinaweza hata kuwa imara. Kwa Tanzania Bara jambo hili linasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 na kanuni zake za 2008. Bidhaa duni ni nyingine: chaja yenye jina lake halali lakini isiyofikia kiwango, inayoweza kuunguza nyumba. Hiyo ni ya Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 limebeba pia vyakula na vipodozi. Dawa na vifaa tiba viko kwa TMDA. Bidhaa ya magendo, iliyokwepa ushuru, ni ya TRA, hata kama ni orijino kuliko zote.

Pakiti moja inaweza kubeba kadhaa kati ya hayo kwa pamoja, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Krimu ya kung'arisha ngozi yenye jina la kuiga, zebaki ndani, na tamko la "zawadi, dola 3" imevunja sheria tatu kabla haijatoka kwenye ndege. Ila taasisi zinazopaswa kuishughulikia zina wakaguzi tofauti, fomu tofauti na mahakama zilezile. Nina heshima kwa kazi ya wakaguzi hawa, lakini mgawanyo huu unamfaa zaidi anayetuma kuliko anayelindwa.

Tofauti hizi si za wanasheria peke yao, kwa sababu ukizichanganya unaweza kumdhuru mgonjwa. Desemba 2008, forodha ya Uholanzi ilishika kwenye uwanja wa ndege wa Schiphol shehena ya dawa ya presha, losartan, iliyotoka India kwenda Brazil, kwa madai kwamba inakiuka hataza (haki ya mvumbuzi) iliyosajiliwa Uholanzi. Dawa ilikuwa halali India na halali Brazil. Ilikuwa inapita tu. Miaka michache baadaye, Aprili 2012, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 ya nchi hiyo vilihatarisha haki ya watu wanaoishi na VVU kupata dawa, kwa vile tafsiri yake ya bidhaa bandia ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzigusa dawa mbadala halali zinazouzwa kwa bei nafuu. Dawa mbadala halali haidanganyi mtu: ina jina lake, mtengenezaji wake na usajili wake. Dawa feki inadanganya kuhusu ni nani aliyeitengeneza na nini kimo ndani. Kwa kukadiria kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, katika nchi za kipato cha chini na cha kati dawa moja kati ya kila kumi ni duni au ya udanganyifu. Sheria ya posta lazima imkamate huyo wa pili bila kumgusa yule wa kwanza.

Kwa nini zimehamia kwenye bahasha

Zamani feki ilikuja kwa kontena. Bado inakuja hivyo, na ukihesabu kwa thamani, kontena bado linabeba sehemu kubwa. Lakini ukihesabu mara ambazo forodha za dunia zilikamata feki, picha inageuka. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi tajiri, pamoja na ofisi ya Umoja wa Ulaya ya milki bunifu, yaani haki za alama, uvumbuzi na ubunifu, walikuta kwamba kati ya 2014 na 2016, asilimia 69 ya ukamataji wote ulihusu vifurushi vidogo: asilimia 57 kwa posta na asilimia 12 kwa kampuni za kusafirisha vifurushi haraka. Kwa mwaka 2019 walikadiria biashara ya feki kati ya nchi na nchi kuwa dola bilioni 464, yaani asilimia 2.5 ya biashara yote ya dunia.

Hesabu ya muuzaji ni rahisi kuielewa. Kontena likikamatwa bandarini Dar es Salaam, mtaji wote umekwenda na kuna jina la mwagizaji kwenye hati. Pakiti mia tano zikitumwa kwa majina mia tano, zikikamatwa kumi amepoteza kumi, na aliyeandikwa kwenye kila moja ni mnunuzi. Muuzaji anabadilisha jina la duka mtandaoni jioni na kesho anaendelea.

Gharama nayo ilisaidia. Posta zikipokezana barua, posta inayotuma huilipa ile inayopokea kwa kazi ya kufikisha hadi kwa mtu. Kwa miaka mingi viwango hivyo vilikuwa chini kwa nchi zilizohesabiwa kuwa zinaendelea, China ikiwemo, kiasi kwamba pakiti ya China ilifika Marekani kwa bei ndogo kuliko pakiti ya mji wa jirani. Marekani ilitangaza mwaka 2018 kwamba itajitoa kwenye Umoja wa Posta, na Septemba 2019 mkutano maalumu uliitwa Geneva kubadili viwango hivyo. Marekani ilibaki. Mfano huo unaonyesha kwamba kinachoamua njia ya feki mara nyingi ni bei ya stempu.

Mlango wa kuingilia umefungwa, wa kutokea hauna kitasa

Hapa ndipo penye kiini, na ndipo watu wengi hawajaambiwa.

Mkataba mkuu wa dunia kuhusu milki bunifu katika biashara, TRIPS, ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani, unazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa forodha kusimamisha feki zinazoingia. Ni lazima. Kuhusu feki zinazotoka, ibara ya 51 inasema nchi zinaweza kuweka utaratibu kama huo. Zinaweza. Kuhusu zinazopita njiani, hakuna wajibu kabisa; na Mkataba wa Paris wa 1883, ulio mkongwe zaidi, unasema mamlaka hazilazimiki kukamata bidhaa zilizo safarini kwenda nchi nyingine.

Matokeo yake ni kwamba kituo cha posta kinachopokea pakiti elfu kutoka kwa muuzaji mmoja, kinachomwona uso, kinachojua anatuma nini kila Jumatatu, mara nyingi hakina sheria ya nchi yake inayokibana kuuliza. Kituo kinachopokea pakiti moja moja kutoka watumaji elfu, kisichomjua yeyote, ndicho kilichobebeshwa wajibu. Nchi chache zimefunga mlango wa kutokea kwa hiari. China yenyewe, ambayo watu huilaumu kwa ujumla, ni miongoni mwao: sheria yake inaruhusu mwenye alama kuiandikisha forodha, na forodha hukamata feki zinazotoka pia. Tatizo lake ni wingi wa pakiti, si ukosefu wa sheria, na hilo inafaa lisemwe kwa haki.

Kuna tundu lingine, ibara ya 60 ya TRIPS. Inaruhusu nchi kuacha kando kiasi kidogo cha bidhaa zisizo za biashara, zilizo kwenye begi la msafiri au zilizotumwa kwa vifurushi vidogo. Ilipoandikwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na busara: nani ahangaike na saa moja ya kuiga aliyonunua mtalii? Leo kifurushi kidogo ndicho duka lenyewe. Sheria yetu ya Afrika Mashariki kwa maneno yake haikutoa msamaha huo, lakini nchi nyingi zinakotoka pakiti au zinakopitia zimeutoa.

Na hata pale forodha inapotaka kukamata, utaratibu uliopo ulibuniwa kwa ajili ya kontena. Mwenye alama anaomba, anaweza kutakiwa kuweka dhamana, bidhaa zinasimamishwa, kisha ana siku 10 za kazi kufungua shauri, zinazoweza kuongezwa 10 nyingine. Kwa viatu jozi elfu nne, atafanya. Kwa ndala moja ya shilingi elfu thelathini, kampuni gani itamlipa wakili Dar es Salaam? Inanyamaza, siku zinapita, pakiti inaachiwa. Mtu aliyekaa pale kaunta hakukosea hatua yoyote, alifuata sheria.

Ulaya waliona hilo wakalitengenezea njia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 608 ya 2013 ina utaratibu wa pekee kwa shehena ndogo: kifurushi cha posta au cha kampuni ya usafirishaji chenye vitu visivyozidi vitatu, au chenye uzito chini ya kilo 2. Forodha inamwandikia mpokeaji. Ana siku 10 za kazi kujibu. Akikubali au akikaa kimya, kitu kinateketezwa bila shauri, mradi mwenye alama alishaomba utaratibu huo utumike. Akipinga, mwenye alama anaambiwa na sheria inachukua mkondo wake. Sioni kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki isiwe na kitu kama hicho. Haihitaji mitambo mipya, inahitaji bunge la Arusha likae na kuandika kurasa mbili, na mwananchi anayepokea pakiti anapata barua rasmi badala ya kuambiwa "njoo kesho".

Ila hakuna utaratibu wowote utakaomlinda mwenye alama ambaye hajasajili. Alama ya biashara ni haki ya nchi kwa nchi. Kampuni ya Ufaransa iliyosajili kwao, isiposajili kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa Tanzania Bara, na kwa ofisi ya Zanzibar kivyake, inategemea ulinzi mwembamba unaotolewa kwa majina yanayojulikana sana. Na hili linawahusu Watanzania kuliko tunavyodhani. Mtengenezaji wa sabuni wa Temeke au mbunifu wa nguo wa Kinondoni anayetaka forodha izuie nakala za kazi yake zinazorudi kwa posta kutoka nje, hana la kumwonyesha ofisa kama hana cheti.

Taarifa itangulie, mzigo ufuate

Mabadiliko makubwa ya miaka hii hayakuanzia kwenye feki. Yalianzia kwenye sumu. Marekani ilikuwa inazika watu kwa dawa ya fentanyl iliyokuwa ikiingia kwa bahasha za posta, na Oktoba 2018 ikapitisha sheria inayodai taarifa za kielektroniki za kila kifurushi kabla hakijafika. Ulaya ikafuata Machi 2021 kwa mfumo wake wa usalama wa mizigo ya anga. Umoja wa Posta Duniani nao ukaweka sharti kwamba tangu Januari 2021 kila kitu cha posta chenye bidhaa kitanguliwe na taarifa.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Yale maneno ya CN 22 yanaingizwa kwenye kompyuta pale dirishani anapotuma mtu. Ujumbe unatoka posta ya kutuma kwenda posta ya kupokea, na kutoka hapo kwenda forodha ya nchi hiyo, huku pakiti yenyewe ingali chini. Forodha inaweza kujibu: kipite, kikaguliwe kikifika, au kisipakiwe kabisa. Jibu hilo la tatu ndilo lenye thamani. Kwa mara ya kwanza katika historia ya posta, nchi inayopokea inaweza kusema hapana kabla ndege haijaruka.

Taarifa hizo bado ni za mtumaji, na anaweza kudanganya. Lakini uongo ulioandikwa kwenye karatasi ukitupwa umekwisha. Uongo ulioandikwa kwenye kompyuta unakaa na kulinganishwa. Mtu anayetuma "zawadi" mia mbili kwa mwezi kwenda miji arobaini, zote gramu 380, zote dola 5, hahitaji kufunguliwa bahasha ili atiliwe shaka. Ofisa wa eksirei anaelekezwa kwenye pakiti sita badala ya kutazama elfu sita. Na faragha inabaki, kwa kuwa barua ya kawaida haiguswi.

Jambo hili linatugusa pia sisi tunaotuma. Mama anayemtumia binti yake Uholanzi vitenge na viungo vya pilau kupitia posta ya Dar es Salaam leo anaulizwa maswali ambayo hakuulizwa miaka kumi iliyopita: kitenge pamba au polista, mita ngapi, thamani gani, namba ya simu ya mpokeaji. Wengine wanaudhika. Akiandika tu "nguo" au "vitu vya nyumbani", pakiti yake inaweza kukwama, kwa sababu maneno ya jumla namna hiyo ndiyo kichaka cha wadanganyifu na forodha za Ulaya haziyapokei.

Na huku kwetu

Sehemu kubwa ya bidhaa ndogo zinazoingia Kariakoo kutoka China haipiti posta kabisa. Zinakuja kwa mawakala wa mizigo wanaotoza kwa kilo kwa ndege, au kwa ujazo kwa meli, wakichanganya mizigo ya watu mia kwenye shehena moja. Sheria ya forodha inawahusu wote sawasawa, lakini Mkataba wa Posta hauwahusu, na ile taarifa ya kila kifurushi kwa jina la mtumaji na mpokeaji haipo kwa namna ileile. Ukiibana posta peke yake, feki itahamia kwa wakala siku hiyohiyo. Ndiyo maana napata wasiwasi nikisikia mpango wowote unaozungumzia posta tu kana kwamba ndiyo njia pekee.

Tumeshawahi kuona katazo likifanya kazi kwa kushika mahali panapofaa. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu feki nchi nzima. Haikuzunguka madukani. Ilishika namba ya IMEI, kitu ambacho kila simu lazima iitoe ili iunganishwe na mtandao, na mtu aliweza kukagua yake mapema kwa kubofya *#06# kisha kutuma namba kwenda 15090. Waliokuwa na simu hizo waliumia, wengi walikuwa wamezinunua kwa nia njema, na hilo halikuwa dogo. Ila hata pale, aliyebeba maumivu alikuwa mnunuzi wa mwisho.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa posta pia. Pakiti yako ikishikwa, Shirika la Posta halikulipi fidia. Mkataba unaiondolea posta dhima kwa kitu kilichokamatwa kwa sheria ya nchi kinakofika. Kwa mujibu wa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, anayeingiza kitu kilichokatazwa anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya nusu ya thamani inayotozwa ushuru, au vyote viwili. Kuomba irudishwe kwa muuzaji nako hakusaidii sana: TRIPS inazitaka nchi zisiruhusu feki isafirishwe tena nje kama ilivyo, isipokuwa kwa hali za pekee, na wala kubandua nembo peke yake hakutoshi.

Kinachobaki mkononi mwa mnunuzi ni ushahidi, na ukusanywe kabla ya kulipa. Hifadhi picha ya tangazo pamoja na jina la duka, mazungumzo yenu, na namba ya kufuatilia. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako, usimtumie mtu moja kwa moja. Muuzaji akikuambia ataandika "zawadi" ili upunguziwe ushuru, amekuonyesha tayari anavyoitumia ile saini ya chini ya CN 22. Pakiti ikishikwa, omba maelezo kwa maandishi: imeshikwa na nani, kwa sheria gani, na una siku ngapi za kujibu. Wasilisha ushahidi wako FCC, maana jina la duka la mtumaji ni taarifa ambayo ofisa wa kaunta hana. Kisha dai fedha kwa jukwaa ulilonunulia ukiambatisha barua ya ukamataji. Majukwaa makubwa yana utaratibu wa kurudisha fedha kwa bidhaa feki, na barua ya serikali ina nguvu kuliko picha kumi za simu.